Daktari Mwenye Nishani, Nesi wa Watoto na Maziwa ya Kopo ya "Kuzuia Aleji": Skendo Iliyochukua Miaka 26

Najua hapa mmezoea tunachambua mastaa, nani kamwacha nani na nani kahama mjengo. Leo staa wetu hana albamu wala muvi. Ni daktari. Ila stori yake ina kila kitu mnachokipenda: sifa, nishani, mkwanja, ripoti iliyofichwa kabatini, mtu wa chini aliyesema ukweli, na kesi nzito mahakamani. Halafu hii inakugusa mpaka mfukoni, hasa kama una mtoto mchanga au unatarajia.

Kama kawaida yetu, majina ya wahusika wakuu tunayaweka pembeni. Mmoja tutamwita Daktari, mwingine tutamwita Nesi. Kaa mkao wa kula.

Tuanzie nyuma kidogo

Maziwa ya kopo hayajaanza jana. Miaka ya 1860 huko Ulaya, mtoto akikosa maziwa ya mama alikuwa kwenye hatari kubwa ya kufa. Mkemia mmoja wa Ujerumani, Justus von Liebig, akatengeneza chakula cha mtoto kwa kuchanganya maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano, unga wa kimea na potasiamu baikaboneti. Mwaka 1867 Henri Nestlé, Mjerumani aliyehamia mji wa Vevey kule Uswisi, naye akaja na unga wake wa maziwa, ngano na sukari. Biashara ikashika moto, na jina lake mpaka leo unalijua.

Wakati huo hata neno "aleji" lilikuwa halijazaliwa. Lilikuja mwaka 1906, likatungwa na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, kueleza ile hali ya mwili kubadilika na kukikataa kitu ambacho kwa wengine hakina shida yoyote. Kwa Kiswahili fasaha tunaita mzio, ila mtaani ni aleji tu.

Mwaka 1936 ndipo aleji na maziwa ya kopo vikakutana vizuri. Madaktari wawili wa Chicago walitoa ripoti ya watoto zaidi ya 20,000. Waliona kwamba watoto waliokuzwa kwa maziwa ya ng'ombe walipata pumu ya ngozi, ile ya mtoto kujikuna mpaka anatoka vidonda, karibu mara 7 zaidi ya walionyonyeshwa. Watu wakashika neno moja: maziwa ya ng'ombe ndiyo yanaleta aleji.

Sasa hapa naomba utulie, maana stori nzima inasimama kwenye kitu hiki. Mtoto mwenye aleji ya maziwa ya ng'ombe anakataliwa na protini iliyo ndani ya yale maziwa. Kinga ya mwili wake inaiona kama jambazi. Wataalamu wakagundua kwamba ukiikata ile protini vipande vidogo vidogo kwa vimeng'enya, kinga inashindwa kuitambua. Chukulia kitunguu kizima na kachumbari: kitu ni kilekile, ila kwa sura hukijui. Mwaka 1942 Marekani yakaingia sokoni maziwa ya aina hiyo, Nutramigen, kwa ajili ya watoto ambao tayari maziwa ya kawaida yanawadhuru. Hayo yalisaidia, na maziwa ya aina hiyo mpaka leo yanasaidia. Hakuna skendo hapo.

Skendo ilianza pale mtu alipouliza swali la kibiashara: kama haya maziwa yanamsaidia mtoto mwenye aleji, je, hayawezi kumzuia mtoto mzima asiipate kabisa?

Piga hesabu uone. Watoto wenye aleji ya maziwa ni wachache. Lakini watoto ambao baba, mama au kaka ana pumu, mafua ya vumbi au ngozi inayowasha? Hao wamejaa kila mtaa. Neno "kutibu" likibadilika kuwa "kuzuia", soko linafumuka. Kilichokosekana ni ushahidi tu.

Daktari anaingia

Miaka ya 1980, kule mashariki kabisa mwa Canada, kwenye mji wa St. John's, jimbo la Newfoundland, kulikuwa na profesa wa watoto katika Chuo Kikuu cha Memorial. Mzaliwa wa India, msomi haswa, jina lake kubwa duniani kwenye mambo ya lishe na kinga ya mwili. Mwaka 1989 nchi ikampa nishani ya Order of Canada, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa ambazo raia wa kule anaweza kupewa. Ukiwa na kampuni ya maziwa na unataka mtu mwenye jina akupimie bidhaa yako, huyu ndiye ulikuwa unampigia simu.

Na walimpigia kweli. Nestlé walikuwa na maziwa yao mapya ya Good Start, yenye protini iliyokatwa kiasi, na Daktari akachukua kazi ya kuyapima.

Kazi kama hii inafanyikaje? Unatafuta watoto wanaozaliwa kwenye familia zenye aleji. Unawagawa kwa bahati nasibu: hawa wanapewa maziwa mapya, hawa maziwa ya kawaida, hawa ya soya. Halafu unawafuatilia miezi na miezi, nani katoka upele na nani anabanwa kifua. Daktari hawezi kukimbizana na vichanga mwenyewe, anaajiri mtu.

Ndiyo akaajiriwa Nesi. Kazi yake ilikuwa kwenda wodini, kuongea na mama aliyetoka kujifungua muda si mrefu, kumuuliza habari za familia na kumwomba akubali mtoto wake aingie kwenye utafiti. Akikubali, Nesi anamfuata nyumbani kumwangalia mtoto. St. John's si Dar wala Nairobi, ni mji mdogo. Kila mama hana historia ya aleji, na mwenye nayo si lazima akubali. Kwa hiyo kupata watoto wa kutosha ilikuwa ngoma nzito.

Nesi akiwa bado anahangaika kutafuta watoto, akakutana na majibu ya utafiti tayari yamechapishwa.

Ndiyo, umesoma vizuri. Watoto hawajatimia, waliopatikana wengine bado wananyonya chupa, na jarida linasema utafiti umekamilika na majibu ni mazuri.

Ripoti zilisema nini

Mwaka huohuo wa 1989 zilitoka ripoti za Daktari zaidi ya moja kuhusu jambo hili. Moja ilikuwa kwenye jarida kubwa la madaktari la Uingereza, BMJ. Ujumbe ulikuwa mtamu: watoto wa familia zenye aleji, wakipewa maziwa yenye protini iliyokatwa, wanapata pumu ya ngozi kidogo kuliko wanaopewa maziwa ya kawaida.

Ile ya BMJ ikaenda mbali zaidi. Ikasema hata mama anayenyonyesha, akiacha maziwa, mayai, samaki, karanga na soya, mtoto wake anapona na pumu ya ngozi. Pata picha wewe ni mzazi, umetoka leba juzi, una njaa ya kunyonyesha ile ambayo sahani moja haitoshi, halafu unaambiwa mayai usiguse, samaki usiguse, karanga usiguse. Na mtoto akitoka upele, unaanza kujilaumu kwamba ni lile yai la Jumapili.

Ripoti hizo zilinukuliwa na wataalamu wengine kwa miaka mingi. Ndivyo sayansi inavyokwenda, mmoja anajenga juu ya tofali la mwenzake. Kwa hiyo tofali likiwa la karatasi, waliojenga juu wote wanakuwa hatarini bila wao kujua.

Nesi anamwaga mboga

Hebu jiweke kwenye nafasi ya Nesi. Bosi wako ni profesa mwenye nishani ya taifa, wewe ni mwajiriwa wa kutembelea watoto. Ukisema, nani atakuamini? Wengi wetu hapo tungekausha, tunapokea mshahara, maisha yanaendelea.

Yeye akaenda kusema kwenye chuo. Chuo kikaunda kamati ya uchunguzi, na mwaka 1995 kamati ikamaliza kazi yake. Ilisemaje? Ilisema Daktari amekiuka maadili ya utafiti. Kwa lugha ya mtaani, Nesi alikuwa anasema kweli.

Ungetegemea nini baada ya hapo? Kufukuzwa, kutangazwa, majarida kuandikiwa barua, wazazi kuambiwa. Hakuna. Daktari alitishia kwenda mahakamani, chuo kikaogopa, na ripoti ikawekwa kabatini. Profesa akaendelea na uprofesa wake na kuchapisha. Ripoti zake kuhusu maziwa zikaendelea kukaa kwenye maktaba kama hakuna kilichotokea. Aliyebaki na mzigo ni Nesi, ambaye kwa miaka alijulikana kama yule aliyemsema mkubwa.

Daktari alikuja kuharibikiwa kwenye kitu kingine kabisa. Mwaka 2000 aliwapelekea BMJ utafiti wa vitamini za kuongeza kumbukumbu kwa wazee. Wakaguzi wa jarida wakaona namba hazieleweki, wakaukataa na kuliuliza swali chuo. Mwaka 2001 utafiti huo ukatoka kwenye jarida jingine, na mwaka 2005 jarida hilo likaufuta. Kufikia hapo mwenyewe alishaondoka chuoni, tangu 2002.

Mwaka 2006 televisheni ya taifa ya Canada, CBC, ikatoa makala ya sehemu 3 kuhusu maisha yake. Nesi akakaa mbele ya kamera akaeleza kila kitu. Daktari akakasirika na kuishtaki CBC kwa kumchafulia jina.

Hapo ndipo alipojichimbia. Kesi ya kuchafuliwa jina ina ubaya mmoja: mwenzako akitaka kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli, makabati yote yanafunguliwa. Ile ripoti ya 1995 ikaanikwa mchana kweupe. Mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama huko Ontario likaamua CBC ilisema ukweli, na Daktari akaamriwa kulipa gharama za kesi, dola za Canada milioni 1.6.

Oktoba 2015, BMJ wakafuta rasmi ile ripoti ya 1989. Disemba mwaka huohuo nishani ya Order of Canada ikanyang'anywa. Toka ripoti itoke mpaka ifutwe ni miaka 26. Mtoto aliyezaliwa 1989 na kunyweshwa maziwa yale kwa sababu ya ile ripoti, mwaka 2015 huenda yeye mwenyewe alikuwa anamtafutia mtoto wake maziwa.

Basi maziwa yenyewe yanazuia au hayazuii?

Hapa tuwe wa haki, maana tusije tukamtupia mtu mmoja kila kitu. Daktari hakuwa peke yake aliyepima maziwa haya. Wajerumani nao walianza utafiti wao mkubwa mwaka 1995, wenye watoto 2,252, na wao waliona baadhi ya maziwa ya namna hii yanapunguza pumu ya ngozi kwa watoto wa familia zenye aleji. Kwa hiyo wanasayansi wengi waliamini kwa nia njema kabisa.

Ila mwaka 2016 watafiti wa Uingereza wakakusanya tafiti zote walizoweza kuzipata, 37 kwa jumla, zenye watu zaidi ya 19,000, wakazisoma kwa pamoja. Jibu lao: hakuna ushahidi wa kueleweka kwamba maziwa yaliyokatwa protini yanazuia aleji. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, ambacho mwaka 2008 kilikuwa kinayaunga mkono kiasi, nacho kikasema ushahidi wa kuzuia haupo.

Serikali ya Marekani ilishaanza kushtuka mapema. Mwaka 2011 wakala wa chakula na dawa, FDA, walisema kampuni ikitaka kutaja habari ya pumu ya ngozi lazima iandike pia kwamba ushahidi ni mdogo. Mwaka 2014 wakala wa kulinda walaji, FTC, wakaishtaki kampuni ya Gerber, iliyo chini ya Nestlé, wakidai matangazo ya Good Start yanawaahidi wazazi kinga ambayo haijathibitishwa.

Na bado sijakupa kali kuliko zote.

Ile imani ya "mwepushe mtoto na kila kitu" ilifika mbali sana. Mwaka 2000 chama hichohicho cha madaktari wa Marekani kilishauri kwamba mtoto wa familia yenye aleji asipewe maziwa ya ng'ombe mpaka afike mwaka 1, mayai mpaka miaka 2, karanga na samaki mpaka miaka 3. Wazazi wakatii. Aleji ya karanga ikapungua? Wapi, ikazidi kupanda.

Mwaka 2008 watafiti wa London wakaona kitu cha ajabu. Watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza walikuwa na aleji ya karanga karibu mara 10 kuliko watoto wa Kiyahudi wa Israeli. Damu moja, nchi tofauti. Tofauti ilikuwa mdomoni: Israeli kuna kitafunwa cha karanga kinaitwa Bamba, watoto wanakila wakiwa bado hata kutembea hawajaanza. Uingereza mama alikuwa anaficha karanga kama sumu ya panya.

Wakaamua kupima. Wakachukua watoto 640 wa miezi 4 mpaka 11, wote wa hatari kubwa. Nusu wakala karanga mara kwa mara, nusu wakaepushwa mpaka miaka 5. Majibu yakatoka 2015, mwaka uleule Daktari anaanguka. Katika kila watoto 100 walioepushwa, karibu 17 walipata aleji ya karanga. Kwa waliokula, karibu 3 tu.

Yaani ushauri uliotolewa kwa miaka kumi na zaidi ulikuwa unaelekea njia siyo. Kinga ya mtoto inahitaji kutambulishwa kwa chakula mapema, siyo kufichwa.

Sisi huku inatuhusu nini?

Inatuhusu sana. Nenda supamaketi yoyote kubwa hapa mjini, sehemu ya maziwa ya watoto. Kuna makopo ya herufi na namba mpaka unachanganyikiwa, na yale yanayonong'ona habari za aleji huwa bei imechangamka kuliko ya kawaida. Mzazi mwenye pumu anaona bora ajibane kwenye kodi kuliko mtoto ateseke kama yeye. Nampenda mzazi huyo, na ndiyo maana naandika.

Jua kwamba dunia ilishajaribu kuyawekea breki matangazo haya. Mwaka 1981 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni za kuuza vibadala vya maziwa ya mama. Nchi 118 zilisema ndiyo, moja tu ikasema hapana: Marekani. Tanzania ikatunga kanuni zake 1994, Kenya ikapitisha sheria 2012. Kwa hiyo akija mtu na sare nzuri kliniki anakupa kopo la bure na kipeperushi, ujue hiyo siyo zawadi, na sheria inamjua.

Mambo ya kubeba ni haya. Kama mtoto tayari ana aleji ya maziwa na daktari kathibitisha, yale maziwa maalum yaliyokatwa protini vizuri ni tiba. Usimwachishe kwa sababu ya stori hii. Kama mtoto hana tatizo na wewe hunyonyeshi, kwa sababu yoyote ile na hakuna wa kukusema, kopo la kawaida lililochanganywa kwa maji safi na kipimo sahihi halina la kuonea aibu. Hizo elfu za ziada za "kuzuia" ushahidi wake ndio huo umeusoma.

Mama unayenyonyesha, kula. Samaki kula, yai kula, karanga kula, labda daktari akuambie vinginevyo kwa sababu ya mtoto wako wewe. Na mtoto akifikisha umri wa kuanza chakula, usimfiche karanga na mayai. Ule uji wa karanga ambao bibi zetu wamekuwa wakitupikia, hao wa London wamekuja kuufikia kwa utafiti wa watoto 640. Ila ziwe zimesagwa laini, karanga nzima inampalia mtoto. Na kama mtoto ana pumu ya ngozi kali au alishawahi kuvimba baada ya kula kitu, muone daktari kwanza, usijaribu nyumbani.

Kwenye skendo za mastaa huwa tunaulizana nani alifanya. Kwenye hii mimi nabaki najiuliza kuhusu wale waliosoma ripoti ya 1995, wakajua, wakafunga kabati na kwenda kula chakula cha mchana. Mtu mmoja tu wa mshahara mdogo ndiye aliyehesabu watoto, akaona hawatimii, akasema hawatimii. Kama wangemsikiliza, kuna wazazi wangeokoa hela zao na kulala usingizi.

Haya, uwanja ni wenu wadau. Nyie mliambiwa mwache kula nini wakati mnanyonyesha? Na wewe ungekuwa Nesi, ungesema au ungekausha? Dondosha maoni yako hapo chini, na mtumie rafiki yako mjamzito aisome kabla hajaenda kununua kopo.